Koti la Lushoto na Sheria za Arusha: Bunge Letu Huingia Saa Ngapi?

Robota la mitumba likifunguliwa asubuhi pale Ngamiani, wanaolizunguka huwa hawaongei sana. Macho ndiyo yanayofanya kazi. Mama mdogo wangu, anayeuza mitumba tangu niko shule ya msingi, anakata mikanda ya plastiki kwa kisu cha jikoni, mzigo unaumuka kama unga uliotiwa hamira, na mikono inaanza kuchambua: nzuri huku, za kawaida kule, za kufanyia matambara pembeni. Siku hiyo, mwezi wa sita, robota lilikuwa limejaa makoti. Makoti mazito ya sufu, yenye vifungo vikubwa kama visahani vya kahawa, katika Tanga hii ambako hata shuka usiku ni mzigo.

"Haya nimuuzie nani?" akauliza, akilipima moja mkononi. "Na wenyewe bandarini wanatozwa kwa kilo."

Alikuwa amepatia sehemu kubwa. Ushuru wa forodha wa mitumba katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ulipandishwa mwaka 2016 ukawa asilimia 35 ya thamani ya mzigo, au senti 40 za dola kwa kila kilo, na kinachotozwa ni kile kinachozidi. Kabla ya hapo kilo ilikuwa senti 20. Robota la kilo 45 kwa hesabu ya kilo ni dola 18, na mzani haujali kama ndani mna magauni ya kugombaniwa au makoti ya kumwangalia mtu. Mama mdogo halipi yeye mwenyewe. Analipa mwagizaji, kisha inashuka ngazi kwa ngazi mpaka inamfika yeye na kisu chake.

"Sasa wewe mwanangu unayesomasoma, niambie. Hiyo senti arobaini aliipitisha nani? Bajeti niliisikiliza redioni mpaka mwisho. Mbunge wangu sikumsikia hata akiitaja."

Jibu fupi ni kwamba mbunge wake hakuipitisha, na wala hakuulizwa. Jibu refu ndilo makala hii, kwa sababu swali la mama mdogo ndilo linalosumbua mabunge ya nchi zote zilizojiunga na jumuiya iliyo juu yao: sheria inapotungwa nje ya nchi kwa niaba ya nchi nyingi, bunge la nyumbani linaikagua lini, na kwa nguvu gani?

Tuifuate hiyo senti arobaini. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya walikutana Arusha, yaliko makao ya Jumuiya, wakaafikiana kwamba nguo na viatu vya mitumba viondolewe hatua kwa hatua ili viwanda vya ndani vipate pumzi. Uamuzi wa wakuu hauna kiwango cha ushuru ndani yake. Kazi hiyo huwaangukia mawaziri wa fedha, ambao kila mwaka kabla ya bajeti hukutana na kukubaliana viwango vya forodha. Walichokubaliana hutangazwa katika gazeti rasmi la Jumuiya na kuanza kutumika tarehe 1 Julai. Dodoma iko wapi hapo? Dodoma husomewa. Ukiisikiliza hotuba ya bajeti ya Juni utafika mahali waziri anaanza kutaja bidhaa moja baada ya nyingine: kutoza asilimia 35 badala ya asilimia 25 kwa mwaka mmoja, kutoza asilimia 0 badala ya asilimia 10, na kadhalika, kurasa na kurasa. Wengi hapo ndipo huchukua simu kuangalia ujumbe. Hayo hayamo katika Muswada wa Fedha ambao wabunge wataupigia kura. Ni taarifa ya jambo lililokwisha kukubaliwa na mawaziri wa nchi zote. Mbunge anaweza kulalamika, na wapo wanaolalamika vizuri tu, ila kura yake haibadilishi hata senti moja ya mzigo ule.

Si kwamba Bunge limeporwa. Lilitoa lenyewe. Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ulisainiwa tarehe 30 Novemba 1999 na ukaanza kutumika Julai 2000. Ibara ya 8 inasema vyombo na sheria za Jumuiya vina nguvu kuliko vya nchi wanachama katika yale yanayohusu utekelezaji wa Mkataba. Kisha ikaja Itifaki ya Umoja wa Forodha, iliyosainiwa Machi 2004 na kuanza kutumika Januari 2005, na humo Baraza la Mawaziri likapewa kazi ya kupitia viwango vya pamoja vya ushuru. Bunge lilipoiridhia itifaki hiyo, liliwapa mawaziri ufunguo wa ghala. Kulalamika leo kwamba wanaingia ghalani bila kubisha hodi ni kuchelewa miaka ishirini.

Hapo ndipo fundo lenyewe lilipo. Bunge la nchi lina nyakati tatu za kuigusa sheria ya namna hii. Linaweza kuigusa wakati serikali bado inajadiliana, kabla ya sahihi. Linaweza kuigusa wakati wa kuridhia, sahihi zikiwa zimekwisha wekwa. Na linaweza kuigusa wakati wa kutunga sheria ya ndani ya kuutekeleza mkataba. Nguvu yake hupungua kila wakati mmoja unapopita, nasi kwa mazoea tumeweka heshima yetu yote kwenye ule wa kati.

Wa kati unajulikana. Katiba yetu, ibara ya 63(3)(e), inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba yote inayoihusu Jamhuri ya Muungano ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Waziri huleta azimio, kamati ya kudumu inayohusika huwa imeketi na kutoa maoni, wabunge huchangia, kisha huja kura. Ni shughuli nzito. Ila mkataba ulioiva hauwezi kurekebishwa ibara kwa ibara kama muswada, kwa sababu upande wa pili nao umekwisha kuusaini. Ni kama mnada wa samaki pale Deep Sea: unanunua changu mzima au unamwacha, hakuna wa kukukatia mkia kwanza. Mikataba mingine huruhusu nchi kuweka pingamizi kwa kifungu fulani, mingine hairuhusu.

Tuliona mwaka 2023 inavyokuwa. Makubaliano kati ya Tanzania na Dubai kuhusu bandari yalisainiwa Oktoba 2022, Bunge likayaridhia tarehe 10 Juni 2023, na mjadala mkali wa nchi nzima uliwaka katika siku zizo hizo za Juni. Yale yalikuwa makubaliano ya pande mbili, hayakuwa sheria ya Jumuiya, kwa hiyo sitakaa nayo sana. Ila angalia kalenda: sahihi ilikuwa na zaidi ya miezi saba wananchi walipoanza kuzisoma ibara na kuzirushiana kwenye simu.

Linganisha na mwaka 2016. Jumuiya ilikuwa imemaliza mazungumzo na Umoja wa Ulaya kuhusu mkataba wa ubia wa kiuchumi, ule ambao ungefungua masoko yetu hatua kwa hatua kwa bidhaa za Ulaya. Kenya na Rwanda zilisaini tarehe 1 Septemba 2016. Tanzania ikasita. Novemba mwaka huo Bunge likaujadili mkataba ambao serikali ilikuwa haijausaini, likaishauri isisaini. Rais mstaafu Benjamin Mkapa naye alikuwa ameupinga hadharani. Hapakuwa na azimio la kuridhia wala la kukataa kuridhia, kwa kuwa hapakuwa na cha kuridhiwa, na bado naona ndipo Bunge letu lilipokuwa na uzito kuliko wakati mwingine wowote katika mambo ya namna hii. Kama ushauri wenyewe ulikuwa mzuri, hilo ni jingine. Kenya, iliyokuwa na maua ya kuuza Ulaya, ilichoka kusubiri, ikasaini mkataba wake peke yake Desemba 2023, nao ukaanza kutumika Julai 2024. Umoja wa forodha ambao mwanachama mmoja ana mkataba wake pembeni ni chungu chenye ufa, na ufa huo Dodoma imechangia. Mwenye kutaka Bunge lenye meno akubali pia kwamba meno huuma.

Hapa niingize neno moja linalotuchanganya sana sisi watu wa Tanga: azimio. Tarehe 15 Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio kuhusu bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani hapa kwetu, kilomita 1,443, likieleza wasiwasi wa haki za watu na mazingira na kutaka mambo yasiharakishwe. Barazani kwetu siku mbili zile kahawa ilipoa vikombeni. Mzee mmoja akasema bomba limekufa, Ulaya imelipigia kura. Mwingine akaapa kwamba hao ni mabeberu na Bunge letu lipige kura ya kulifuta azimio lao. Wote wawili walikosea jambo moja. Azimio la aina ile la Bunge la Ulaya si sheria. Ni kauli. Halikuifunga Uganda, halikuifunga Tanzania, wala halikuiamuru kampuni ya Kifaransa iliyomo katika mradi. Azimio la Dodoma la kuridhia mkataba, ambalo kwa Kiswahili tunaliita kwa jina lilelile, ni kitu kingine kabisa: likipita, nchi imefungwa. Neno moja linabeba kauli na linabeba kifungo, na redio haikuambii ni lipi kati ya hayo mawili.

Bomba hilohilo linaonyesha wakati wa tatu ulivyo mwembamba. Makubaliano ya serikali ya Tanzania na ya Uganda yalisainiwa Mei 2017. Mwaka 2021 Bunge likatunga sheria yenye masharti maalumu ya mradi ili yaliyokubaliwa yawe na nguvu mahakamani na katika kodi. Ni muswada kama miswada mingine, kwa hiyo kwenye karatasi mbunge ana uhuru wa kubadili kila kifungu. Lakini kifungu ukikibadilisha kikapingana na ulichokwisha kusaini na jirani, umevunja ahadi. Mkono uko huru, kidole kimefungwa.

Mama mdogo alikatiza hapo. "Arusha si kuna bunge? Mbona wamo watu wetu?"

Wamo. Bunge la Afrika Mashariki lilianza Novemba 2001, na kila nchi mwanachama ina wabunge tisa wa kuchaguliwa. Wananchi hatuwachagui. Huchaguliwa na bunge la nchi, na sharti mojawapo ni kwamba wasiwe wabunge wa nyumbani. Kwa hiyo wanapigiwa kura Dodoma, kisha hawana kiti Dodoma cha kusimama na kueleza. Mahakama ya Jumuiya iliwahi kuonyesha kwamba uchaguzi huo si wa kufanyiwa utani: Novemba 2006 ilizuia wabunge wa Kenya wasiapishwe baada ya malalamiko kwamba Bunge la Kenya halikuwachagua kwa kura bali lilipokea majina kutoka vyama. Wakuu wa nchi walikasirika, na kabla ya Desemba kwisha walikuwa wameurekebisha Mkataba kuhusu mahakama yenyewe. Refa kapuliza, wenye uwanja wakabadilisha kanuni za marefa. Nitaiacha hapo.

Sheria za Arusha nazo zina njia yake. Muswada ukipita katika Bunge la Afrika Mashariki unasubiri ridhaa ya wakuu wa nchi. Miezi mitatu ikipita bila ridhaa, unarudishwa na sababu zake. Ukipitishwa tena, kisha mkuu mmoja tu akagoma, unakufa. Bunge la Dodoma, la Nairobi au la Kigali halina mahali katika mlolongo huo. Limetajwa katika ibara ya 65: katibu wa bunge la Arusha atawapelekea makatibu wa mabunge ya nchi nakala za miswada na za sheria zilizopitishwa, kwa taarifa. Maneno hayo mawili, kwa taarifa, mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ofisini anajua maana yake. Barua ya kwa taarifa inagongwa muhuri, inaingia faili, siku inaisha. Na Mkataba uliposainiwa lugha rasmi ilikuwa Kiingereza, Kiswahili kikaahidiwa kukuzwa kuwa lugha ya mawasiliano, kwa hiyo hata mwenye kutaka kulifungua hilo faili Ngamiani angehitaji wa kumsomea.

Matokeo yake utayakuta barabarani. Dereva wa lori anayesimama kwenye mizani na kuambiwa mwisho ni tani 56 anatii sheria ya Jumuiya ya kudhibiti uzito wa magari. Anayevuka Horohoro na kukuta maofisa wa Kenya na Tanzania chini ya paa moja anatumia utaratibu wa Jumuiya wa kituo cha pamoja cha mpakani. Wa pili anashukuru, wa kwanza anatukana. Wote wawili ukiwauliza mtunga sheria ni nani, watakutajia Dodoma.

Wenzetu wa Ulaya wana tatizo hilihili, na wamelifanyia majaribio mengi kutuzidi. Jaribio lililopata sifa ni la kadi. Tangu Mkataba wa Lisbon uanze kutumika Desemba 2009, pendekezo la sheria hupelekwa kwa mabunge ya nchi zote, nayo yana wiki nane za kusema kama jambo hilo lingeshughulikiwa vizuri zaidi na kila nchi kwao. Kila nchi ina kura mbili. Kwa kawaida theluthi moja ya kura zikipinga, hiyo ni kadi ya njano, na Kamisheni, chombo cha Umoja wa Ulaya kinachopendekeza sheria, lazima ilitazame upya pendekezo lake. Imetoka mara tatu tu. Mwaka 2012, kuhusu haki ya kugoma, kura 19 zilipatikana zilipohitajika 18, na Kamisheni ikaliondoa pendekezo. Mwaka 2013, kuhusu ofisi ya mwendesha mashtaka wa Ulaya, Kamisheni ikalishikilia la kwake. Mwaka 2016, kuhusu wafanyakazi wanaopelekwa nchi nyingine, ikalishikilia tena. Mashabiki wa Coastal Union wataelewa: kadi ya njano haimtoi mtu uwanjani.

Mimi ninayemwonea wivu ni Mdenmark. Tangu nchi yake ijiunge mwaka 1973, bunge la Copenhagen lina kamati ya mambo ya Ulaya, leo ya wajumbe 17. Waziri anayekwenda kujadili jambo kubwa Brussels, yaliko makao ya Umoja wa Ulaya, hufika kwanza mbele ya kamati hiyo na kusema: nakusudia kutetea hili, nakubali kulegeza mpaka hapa. Kama wajumbe wenye kubeba wingi wa viti bungeni hawakumpinga, anaondoka na ruhusa hiyo. Mazungumzo yakimpeleka nje ya mipaka yake, anarudi kuomba upya. Hii ndiyo inayonikosesha usingizi: utaratibu huo haukutolewa na Brussels. Haumo katika mkataba wowote wa Ulaya. Wadenmark walijitungia wenyewe, nyumbani, wakambana waziri wao.

Maana yake ni kwamba kamati ya Dodoma haihitaji kibali cha Arusha wala marekebisho ya Mkataba ili imwite waziri wa fedha kabla hajaenda kwenye kikao cha viwango vya forodha, na kumuuliza anakwenda kusema nini kuhusu mitumba. Mkataba wa Jumuiya tayari unataja, katika ibara ya 7, kanuni ya kuyaacha mambo katika ngazi iliyo karibu na watu na kuwashirikisha. Kanuni ipo. Filimbi ndiyo haina wa kuipuliza.

Nisiipambe Denmark kupita kiasi. Kamati yao inauma kwa sababu serikali zao mara nyingi hazina wingi wa viti bungeni, kwa hiyo waziri akiidharau anaweza kuanguka. Bunge ambalo karibu lote ni chama kimoja na waziri, kamati yake inaweza kumwita, kumkalisha, kumpa chai na kumwambia nenda. Tena majadiliano ya nchi nane, kila mmoja akiwa na karatasi ya masharti kutoka kwao, yangeenda kwa mwendo wa kobe. Hata hivyo tunao mfano wetu kwamba kusema mapema hufika. Itifaki ya Soko la Pamoja ilipokuwa ikijadiliwa, hofu ya Watanzania kuhusu ardhi ilikuwa wazi na wajumbe wetu waliibeba mezani. Itifaki iliposainiwa Novemba 2009, ibara ya 15 ikaacha matumizi ya ardhi chini ya sera na sheria za kila nchi. Ingeletwa Dodoma bila ibara hiyo, wabunge wangebaki na kumchukua changu mzima au kumwacha.

Na ule mpango wa kuiondoa mitumba? Uliyeyuka, na haukuyeyushwa na bunge lolote la Afrika Mashariki. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani walilalamika kwa serikali yao, Marekani ikatishia kuziondoa nchi zetu kwenye mpango wa kuuza huko bila ushuru, na moja baada ya nyingine zikarudi nyuma. Rwanda peke yake ilikaza, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye unafuu huo. Muuza mitumba wa Marekani alijua saa ya kusema na mlango wa kubisha.

Nilimweleza mama mdogo haya kwa vipande, katikati ya wateja. Lililomgusa halikuwa kadi wala Lisbon. "Kwa hiyo wenye viwanda wanaotaka ushuru upande," akauliza, "wao huenda kusema lini?"

Miezi kadhaa kabla ya Juni, nikamwambia. Wizara hupokea mapendekezo ya kodi na ushuru mapema, na wenye viwanda hupeleka yao kwa maandishi.

"Na sisi tunasubiri redio." Akacheka kidogo, akakunja gauni.

Saa tano hivi akaja kijana mwenye begi, anapanda basi la Lushoto mchana, amepangiwa kazi huko na ameambiwa Juni usiku ni baridi ya kutetemesha meno. Alilijaribu koti moja palepale juani, jasho likamtiririka hadi shingoni, akabishana bei, akalipa. Mama mdogo akayavuta yaliyobaki akayatundika mbele kabisa, na akaniuliza mabasi mengine ya Lushoto yanaondoka saa ngapi.